Sanamu Thelathini na Sita

Nimerudi Butembo kwa sababu ya karatasi moja. Ukoo wetu umeandaa ibada ya shukrani kwa ajili ya nyanya yetu mzaa baba, ambaye sisi sote, wakubwa kwa wadogo, tulimwita mukaka, na dada yangu mmoja, binti wa shangazi, ndiye aliyepewa kazi ya kutengeneza programu. Unazijua programu hizi: karatasi iliyokunjwa katikati, nyimbo ndani, utaratibu wa ibada nyuma, na mbele uso wa mtu anayekumbukwa. Dada alituma ujumbe kwenye simu za ukoo mzima, Beni, Kasindi, mpaka ng'ambo Uganda: mwenye sanamu ya mukaka aitume kabla ya Alhamisi. Waliojibu wote walijibu jambo moja. Muulizeni mtoto wa mpiga picha.

Mtoto wa mpiga picha ni mimi. Sanamu ya mukaka sina, na hakuna mwingine aliye nayo, na sababu yake naijua. Nilidhani naijua peke yangu, mpaka juzi.

Nimeandika sanamu, na nakuona umesita. Kwetu sanamu ni picha. Fundi wa studio anapiga sanamu, maarusi wanatundika sanamu yao ukutani, mtoto wa shule anatumwa alete sanamu mbili za kubandika kwenye kadi. Vijana wa leo wanasema foto. Lakini mukaka, baba, na mimi nilipokuwa na miaka tisa, tulisema sanamu. Neno lile lingine, la mawe na miti iliyochongwa, tulikuwa nalo pia, kwa jina lilelile, nalo lilikaa kanisani. Mambo mawili yalilala ndani ya jina moja, na mimi sikuwa na mtu wa kunitenganishia. Ningezaliwa mahali pengine, penye Kiswahili kingine, leo ningekuwa na uso wa mukaka wa kumpa dada yangu.

Pikipiki ilinipandisha mpaka mtaani kwetu asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mabati. Baridi ya hapa nilikuwa nimeisahau, baridi inayoingia kwenye mikono ya sweta na kukaa. Lakini harufu nilizitambua zote: moshi wa kuni za mkaratusi, vumbi jekundu lililoloweshwa na umande, mandazi kwenye mafuta yaliyochoka. Na chini, upande wa magereji, mlio ule wa pikipiki inayowashwa, inazimika, inawashwa tena. Huo ndio ulikuwa mlio wa baba yangu.

Tuliishi wawili, baba na mimi. Mama alikufa nikiwa mdogo mno kumkumbuka, na nyumba yetu ya matofali ilikuwa na ukimya wa watu wawili wanaojitahidi wasisumbuane. Baba alitengeneza pikipiki. Mimi nilichota maji kabla ya shule, nilichekecha unga wa muhogo, nilichambua maharagi kwenye sinia nikisikiliza majirani wakitwanga sombe, majani ya muhogo, kila mchi na mwendo wake, nikijua nani anatwanga bila kuchungulia. Jioni tulikula. Aliuliza nimesoma nini, nikamwambia. Nilimuuliza ametengeneza nini, akaniambia. Kisha tuliomba, kila mmoja zamu yake, na maombi yake yalikuwa mafupi kama ya mtu anayeongea na mwenye duka anayemfahamu.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yetu. Baba alinawa mikono kwa majivu na ndimu, akasugua kucha mpaka oili nyeusi ikatoka, kisha akafungua sanduku. Kamera ilikuwa imeviringwa kipande cha kitenge cha mama. Aliinunua Kasindi, mkono wa pili, kwa mbadilisha fedha mmoja ambaye hakujua inavyofanya kazi. Tulishuka bondeni, yeye mbele na mimi nyuma, tukapita bustani za vitunguu majani na kabichi, mpaka kwenye kinamasi kilichokuwa na matete marefu kuliko yeye. Hapo tulingoja.

Sijui kama umewahi kungoja ndege. Si kama kungoja gari. Filimu moja ilikuwa na sanamu thelathini na sita, na baba hakupenda kuzimwaga, kwa hiyo filimu moja iliweza kukaa ndani ya kamera tangu mvua za kwanza mpaka kiangazi. Tulikaa saa nzima bila neno. Nilikuwa na njaa, nilikuwa na baridi, na sikuwahi kuwa na furaha kama hiyo tena. Halafu chozi akatua, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, akanyonya ua, na kamera ikasema tk. Baba alishusha kamera na kunong'ona, "Wasingya."

Ndiyo asante yetu ya Kinande. Alisema hivyo kila mara. Kwa ndege, kwa buibui, kwa kinyonga aliyevuka njia kama mtu aliyesahau anakokwenda. Na kwa vile vitu vingi alivyovipenda vilikuwa vya chini, ua jeupe la bondeni, uyoga, chura aliyejaa kama ngumi pembeni mwa maji, baba alipiga magoti. Alipiga magoti kwenye matope na suruali yake ya kazi, akainamisha kichwa, akakaa hivyo muda mrefu bila kutikisika. Kisha tk. Kisha wasingya.

Watu walimcheka. Walikuja kumwomba awapigie ubatizo, arusi, mtoto aliyeota meno. Alikataa kwa upole.

"Batu bako na studio," alisema. "Huyu chura iko na nani?"

Mwaka ule ninaotaka kukusimulia, katika likizo kubwa, tulipanda gari la mizigo mpaka Beni, na kutoka Beni tukaendelea na njia ya Eringeti, mpaka kijijini kwa mukaka. Kule ni chini, kuna joto. Nilivua sweta nikaisahau mpaka siku ya kurudi. Kakao ilianikwa juu ya maturubai mbele ya kila nyumba, na harufu yake ya uchachu iliingia hata kwenye chai. Asubuhi mukaka alinikabidhi reki, nigeuze punje ili jua lizifikie zote, na alinisimamia kama askari wa zamu.

"Geuza, geuza. Unaipapasa sawa vile iko mugonjwa."

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, mama wa kanisa wa siku za kanisa la nyasi. Alijua nyimbo zote kwa kichwa na aliziimba kwa mwendo wake mwenyewe, akiwaacha wengine wamfuate au wapotee. Na hakutaka kupigwa sanamu. Hakuwahi kutaka. Baba alikuwa amemwomba miaka mingi.

"Ya nini?" alisema. "Ukinitaka, unakuja. Ukipata sanamu, hautakuja."

Siku ya mwisho, sijui kwa nini, alikubali. Tulikuwa tumefunga mizigo. Baba alikuwa ametumia wiki mbili porini kando ya mashamba, akipiga vipepeo, nyani wa mbali, ndege wa kilemba chekundu ambaye tulimngoja siku nne. Mukaka alitoka mlangoni amefunga kitambaa kipya kichwani, akasimama kwenye kizingiti, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango, akasema, "Fanya mbio, mbele sijabadilisha mawazo." Baba hakupiga magoti kwa ajili yake. Alisimama wima. Tk.

Safari hii wasingya ilisemwa na mukaka. Aliisema kama mtu anayefunga mazungumzo, akarudi ndani kumalizia kutufungia ndizi.

Tulirudi Butembo filimu ikiwa imejaa. Baba aliiacha ndani ya kamera, ndani ya sanduku, mpaka apate siku ya kuipeleka kwa fundi aliyesafisha picha karibu na soko. Ilikuwa hivyo kila mara, hakuwa na haraka. Alisema sanamu zikikaa kidogo gizani zinapata utamu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda ekodim, shule ya watoto ya kanisani. Monitrice, mwalimu wetu, alikuwa msichana mkali mwenye sketi ya bluu na alitupenda kwa namna ya kutuogopesha. Tulikuwa tunajifunza amri kumi, moja kila Jumapili, na Jumapili ile ilikuwa zamu ya amri ya pili. Alituimbisha amri ile kwa vidole. Kidole juu: usijifanyie sanamu ya chochote kilicho mbinguni. Kidole chini: wala kilicho duniani. Kisha kiganja kinachotikisika kama maji: wala kilicho majini. Halafu sote tulipiga magoti, tukainuka haraka na kutikisa kichwa, maana wala usiviinamie.

Watoto wengine walicheka, mchezo ulikuwa mzuri. Mimi nilisimama na kidole changu juu. Juu nilimwona chozi. Chini nilimwona kinyonga. Kwenye maji yanayotikisika nilimwona chura, na mbele ya chura nilimwona baba yangu, magoti kwenye matope, kichwa kimeinama, akisema asante.

Sikumuuliza monitrice. Aliwahi kutuambia kwamba wenye sanamu wanajulikana, wako majirani zetu, na sote tulielewa anawasema Wakatoliki. Na sisi tulikuwa na jirani Mkatoliki kabisa, mlango kwa mlango, mama mnene mcheshi mwenye mabinti watatu na Bikira Maria wa plasta juu ya kabati la vyombo. Ndiye aliyenipikia baba alipochelewa. Nilimpenda. Kwa hiyo, kwa upendo, jioni ile nilipotumwa kuomba chumvi, nilimwonya.

"Mama, monitrice anasema batu ba sanamu hawataingia."

Alikuwa anachambua maharagi. Hakuinua kichwa. "Hawataingia wapi? Mu nyumba yake?"

"Mbinguni."

"Ah." Alitupa jiwe dogo nje ya mlango. "Mimi, mwanangu, niko na moja tu, na yangu ni Mama wa Yesu. Papa yako iko na ngapi? Zimejaa mpaka mu sanduku. Na anapigaka magoti mbele ya chura, kila mutu anaona. Basi mimi njo wa kuungua, yeye hapana?"

Mabinti waliangua kicheko. Mkubwa akaongeza, "Umuulize monitrice, Mutakatifu Chura sikukuu yake ni siku gani."

"Muache mutoto," mama alisema, naye anacheka. Alinimiminia chumvi kwenye karatasi, nyingi kuliko niliyoomba. "Enda, ugali itapoa."

Ulikuwa utani tu. Nadhani alisahau kabla sijafika mlangoni kwetu. Lakini kama wewe pia uliwahi kuwa na mzazi mmoja tu duniani, unajua hesabu niliyoifanya njiani. Mama alikuwa mbinguni, hilo niliambiwa na kila mtu. Baba angekwenda kwingine. Na mimi, nikimfuata mmoja, ningemkosa mwingine milele.

Wiki ile sikulala vizuri wala sikula vizuri. Baba alinigusa paji la uso akasema labda ni malaria. Nilimtazama akiomba, maombi yake mafupi, na nikajiuliza anaongea na nani.

Wazo lilinijia Jumamosi mchana. Baba alikuwa ameitwa gereji, pikipiki ya mtu ilikataa kuwaka. Mara nyingi nilimwona akibadilisha filimu chini ya blanketi, na nilipouliza kwa nini, alisema mwanga ukiingia unaua sanamu. Na kanisani tulifundishwa kwamba Mungu ni mwanga. Niliweka mambo hayo mawili pamoja. Sikutaka kuziua mimi. Nilitaka kumpa Mungu aamue. Kama hazikuwa mbaya, angeziacha.

Niliomba kwanza. Nikanawa mikono kwa majivu na ndimu, kama yeye. Nikafungua sanduku, kitenge, kifuniko cha nyuma, nikaivuta filimu yote, ukanda wa rangi ya kahawia unaojikunja wenyewe, nikautoa uani kwenye jua la saa nane. Niliutundika kwenye kamba ya nguo kwa vibanio vinne, kati ya shati la baba na sare yangu ya shule. Niliuanika. Kisha nikakaa kwenye jiwe nikaungojea, kama tulivyongoja ndege.

Baba alinikuta bado nimekaa. Aliegemeza pikipiki ukutani, akavua kofia, akaona. Kwa muda alisimama na kofia mkononi, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Ni nani alianika hii?"

"Ni mimi."

"Juu ya nini, mama?" Aliniita mama, kama siku zote. Hakuinua sauti.

Nilimwambia. Amri ya pili, kidole juu, kidole chini, maji. Jirani. Mama aliye mbinguni. Magoti. Wasingya. Niliyasema yote bila kupumua, na nilipomaliza alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, mikono yake yenye oili imelala juu ya mapaja.

"Chura iko chini," alisema mwishowe. "Nikimupiga nimesimama, nitaona mugongo tu."

Niliutazama ukanda kwenye kamba.

"Na ile wasingya, ulisikiaka ni kwa chura?"

"Ndiyo."

"Ni kwa Mwenye alimuumba." Alijipangusa uso kwa mkono wa shati, oili ikabaki kwenye shavu. "Naona kitu Yeye alifanya, nasema aksanti. Njo vile tu."

Kisha alifanya jambo ambalo mpaka leo silijui jina lake. Alisimama, akautoa ukanda kwenye kamba, akakaa tena na kuupitisha kati ya vidole, taratibu, ingawa hapakuwa na kitu cha kuona, ulikuwa umekauka rangi moja toka mwanzo hadi mwisho. Akaanza kunisomea. Ya kwanza, chozi, ile siku ulikuwa na kikohozi. Ya pili, huyohuyo, lakini aligeuka. Ya tatu, umande kwenye utando wa buibui. Alizikumbuka zote. Mkono wa kobe. Vipepeo weupe kwenye mkojo wa ng'ombe, na hapo tulicheka kidogo, nikaona aibu ya kucheka. Ndege wa kilemba chekundu zilikuwa sanamu tatu, na kwa kila moja aliniambia bawa lilikuwa wapi.

"Makumi tatu na moja," alisema. Kidole gumba kilikaa hapo hapo kwenye ukanda. Nje, pale jirani, mchi ulipiga, ukapiga. "Ni mukaka."

Nilikuwa nimesahau. Naapa kwako, katika juma lote lile la hofu sikuwahi kukumbuka kwamba mukaka alikuwa humo ndani.

Aliendelea mpaka ya thelathini na sita, kwa sauti iliyopungua. Ya mwisho ilikuwa mimi, kwenye gari la kurudi, nimelala kinywa wazi juu ya mfuko wa kakao. Sikujua kwamba alinipiga. Alizungusha ukanda ukawa donge, akautia mfukoni, akaenda kunawa.

Jamaa walipouliza sanamu za safari, aliwaambia kifuniko cha kamera kilifunguka barabarani, gari liliruka shimo. Wajomba walicheka miaka mingi. Mpiga picha gani huyu, anayempiga mzazi wake halafu anammwaga njiani. Baba alicheka nao. Mimi nilikuwa nikipakua chakula, na nilitazama sahani.

Alisema likizo ijayo tutarudi, tutamwomba tena. Likizo ijayo watu wa njia ile walianza kuhama wakikimbia vita, na magari hayakupenda kuvuka Oicha. Mvua zilizofuata mukaka aliugua tumbo siku sita tu. Baba alikwenda kuzika peke yake, mimi nikaachwa kwa jirani, chini ya kabati la vyombo, na Bikira Maria akinitazama kwa uso wake wa plasta uliochunika pua.

Lakini kilichoniumiza zaidi kilikuwa Jumamosi. Baada ya siku ile ya filimu, baba hakuniita tena. Alinawa mikono, akachukua kamera, akashuka bondeni peke yake. Nilisimama mlangoni na sweta yangu nimevaa tayari. Alinipungia mkono. Juma la pili vilevile. Juma la tatu sikuvaa sweta. Nilielewa kuwa hiyo ndiyo adhabu, na kwamba ilikuwa ya haki, na sikulalamika. Nilichambua maharagi, nilifua, nilisikiliza michi ya majirani. Alirudi na matope magotini na hakunieleza alichokiona, nami sikuuliza. Ukimya wa nyumba yetu ulibadilika. Zamani tulinyamaza pamoja.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima, tulikuwa tunakunywa chai na mvua inapiga mabati, nikapata ujasiri wa kumuuliza kwa nini alinifungia nyumbani Jumamosi zile. Alishangaa kweli. Akaweka kikombe chini.

"Sikukufungia. Sikutaka kukukwaza."

Kukwaza ni neno la kanisani. Maana yake kumfanya mwenye imani changa ajikwae kwa sababu ya jambo ambalo kwako wewe si dhambi. Baba alikuwa amekwenda kumuuliza mchungaji, na mchungaji alimwambia dhamiri ya mtoto haisukumwi. Kwa hiyo aliniacha nyumbani kwa heshima. Aliheshimu imani yangu, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa miaka minne, akitumaini kwamba siku moja nitamwambia sasa niko tayari. Na mimi nilingoja mlangoni asamehe. Hata leo nikifikiria watu wale wawili, mmoja bondeni na mmoja jikoni, kila mmoja akimngoja mwenzake kwa adabu, nashindwa kukaa kitini.

Kufikia hapo alikuwa ameacha kupiga. Fundi wa karibu na soko alifunga, pale sasa wanauza vifuniko vya simu. Baba alikufa kabla sijajifunza kuongea naye vizuri.

Basi juzi, jikoni kwa dada, tukimenya viazi kwa ajili ya wageni, nilikata shauri kumwambia. Sikutaka baba abaki kichekesho ndani ya ukoo. Nilimsimulia yote, kuanzia kidole juu. Dada aliendelea kumenya. Ganda lake lilikuwa refu, halikukatika.

"Tulijuaka," alisema.

"Mulijua nini?"

"Ile ya kuanika. Mukaka alituambiaka. Papa yako alimutumia barua, sababu aliona ni vibaya kumudanganya mama yake. Mukaka alicheka mpaka akakohoa. Alisema, huyu mutoto alinirudishia uso wangu." Aliangusha kiazi kwenye maji. "Lakini alikataza tukuambie. Alisema utasikia haya."

Nilimuuliza ni nani mwingine alijua. Alifikiri. Karibu wote, alisema, wa rika letu. Walikuwa wamenihurumia kwa miaka ishirini bila kunigusa. Nilikuwa nimekaa peke yangu ndani ya siri iliyokuwa ya kila mtu, na hapakuwa na mtu wa kumkasirikia, kwa sababu kila aliyenyamaza alinyamaza kwa wema.

"Sasa mu programu tutaweka nini?" nilisema.

"Ua," dada alisema. "Nitatafuta mu simu."

Alitafuta. Alipata waridi jekundu lenye matone ya maji, zuri sana, la nchi ambayo hakuna kati yetu aliyefika. Fundi wa uchapishaji aliliweka mbele, na chini yake jina la mukaka kwa herufi za dhahabu. Jana, wakati wa ibada, kanisa lilijaa, joto likapanda, na watu mia wakajipepea kwa waridi lile. Waliimba nyimbo zake, lakini kwa mwendo wa kwaya, wakafika mwisho wote kwa pamoja.

Kijiji chenyewe hakina mtu sasa. Waliobaki wametawanyika Beni na hapa, na kakao, nasikia, inaiva na kuangukia chini, wengine wanakwenda kuichuma kwa kukimbia. Bonde letu limejengwa mpaka kwenye maji. Nilishuka kuliangalia asubuhi, nikaona mabati, nguo, mfereji uliojaa plastiki. Sikuona ndege wa kumngoja.

Baada ya ibada, kwenye viti vya nyuma, alikuwa ameketi mama mmoja mzee sana, aliyekuja na gari la watu wa Beni. Waliniambia alikuwa jirani wa mukaka kule kijijini, alitwanga naye, aliimba naye. Alishika programu kichwa chini, akalitazama waridi kwa makini.

"Huyu ni nani?" aliniuliza.

"Ni mukaka."

Alitikisa kichwa. "Hapana. Mukaka alikuwa na pengo."

Pengo. Nilikuwa nimelisahau kabisa, na sasa nililiona, au nilitaka kuliona, kinywa chake kikifunguka mlangoni. Nilichuchumaa mbele ya yule mama na kumuuliza lilikuwa upande gani.

Alifungua kinywa chake na kutia kidole kushoto. Akafikiri. Akakitoa, akakitia kulia. Alikaa hivyo, kidole mdomoni, akinitazama kwa macho yaliyoanza kufanya ukungu, akingoja mimi nimwambie.